Kuandika Taarifa ya Kazi

Siku hizi hapana mtu mwenye dhamana, mkubwa au mdogo, asiyetakiwa kuandika taarifa. Chifu wa Kenya huwaandikia wakubwa wake wa tarafa. Mtendaji wa kijiji wa Tanzania humwandikia mtendaji wa kata, naye mtendaji wa kata humwandikia mkurugenzi wa halmashauri. Mwalimu mkuu huwaandikia wakaguzi, na kamati ya shule, na wazazi. Bwana shamba, mganga wa zahanati na karani wa chama cha ushirika hali kadhalika. Wote hao walifunzwa kazi zao, lakini ni wachache waliofunzwa namna ya kuandika habari za kazi hizo. Kwa hiyo twapenda leo kuwaeleza wasomaji wetu mambo kadha tuliyoyaona katika miaka ya kukaa mezani tukipokea taarifa za watu, tukizifungua, tukizipanga, na mara nyingi tukizirudisha.

Jambo la kwanza ni hili, kwamba taarifa si insha. Insha ya shuleni huandikwa ili mwalimu apate kujua mwanafunzi ajua nini, na mwalimu hana budi kuisoma hata mwisho, ikiwa tamu au chungu. Taarifa haina haki hiyo. Taarifa huandikwa ili mtu fulani, akiisha kuisoma, aweze kutenda jambo fulani. Naye mtu huyo ana rundo la karatasi mbele yake, simu inalia, na watu wamekaa kwenye benchi nje wakimngoja. Basi kabla kalamu haijagusa karatasi yafaa mwandishi ajiulize: Ni nani atakayeisoma? Na akiisha kuisoma, nataka afanye nini? Asiyeweza kuyajibu maswali hayo kwa maneno machache, heri aiweke kalamu chini kwanza.

Tuchukue mfano, maana mafundisho bila mfano hayashiki. Tuseme kijiji kimoja kina daraja la miti juu ya mto, na shule ya msingi iko ng'ambo. Usiku mvua kubwa imenyesha milimani, maji yamekuja kwa nguvu, na daraja limekwenda. Asubuhi watoto wamefika ukingoni wakasimama. Mmoja, mvulana wa miaka 12, akajaribu kuvuka kwa miguu. Maji yakamsomba, na kama wavuvi wasingalikuwapo chini ya mto wakamshika, leo tungekuwa tunaandika habari nyingine. Mtendaji wa kijiji amefika, ameona, na sasa amekaa kuandika. Taarifa ambayo mara nyingi huletwa mezani ni ya namna hii:

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Awali ya yote napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima. Kijiji chetu ni miongoni mwa vijiji vya zamani na wakazi wake ni wakulima na wafugaji. Hivi karibuni kumekuwa na changamoto ya mvua nyingi ambazo zimeleta athari mbalimbali ikiwa ni pamoja na miundombinu. Wananchi wameathirika kwa kiasi kikubwa. Hivyo tunaomba Serikali ituangalie kwa jicho la huruma. Naomba kuwasilisha."

Msomaji na atazame tena. Daraja halikutajwa. Mto haukutajwa. Mtoto aliyesombwa hayumo kabisa! Mwenyezi Mungu amepewa shukrani zake, nasi hatukatazi mtu kushukuru, lakini mhandisi wa barabara hajui hata aende kijiji upande gani. Tena ameombwa awe na jicho la huruma. Naye katika hesabu zake za mwaka ana fungu la mbao, fungu la saruji na fungu la mafuta ya gari, wala hana fungu la huruma. Taarifa hiyo itatiwa katika jalada, na jalada litarudishwa kabatini, wala hatuwezi kumlaumu karani aliyelirudisha.

Hapa tuseme neno juu ya "changamoto". Neno hili lilipoingia katika maofisi lilikuwa na kazi yake, bali sasa limekuwa kama kanzu iliyomwenea kila mtu. Paa likivuja ni changamoto, mwizi akivunja stoo ni changamoto, mwalimu asipofika kazini ni changamoto, mto ukichukua mtoto ni changamoto. Anayesoma hana njia ya kujua kama alete fundi, au polisi, au mganga. Yafaa tuliache lipumzike kidogo, na paa lililovuja tuliite paa lililovuja.

Sasa tuiandike upya taarifa ile, kwa ajili ya mhandisi peke yake. Kwa upande wa Tanzania, barabara za vijijini zimekuwa chini ya TARURA tangu mwaka 2017, basi huyo ndiye tunayemwandikia:

"Daraja la miti lililo kati ya kitongoji cha magharibi na shule ya msingi limechukuliwa na maji usiku wa kuamkia Jumatano tarehe 10 Aprili 2024. Urefu wake ulikuwa mita 11, upana mita 2. Nguzo za ukingo wa mashariki zimebaki. Nguzo za magharibi hazipo, na ukingo wenyewe umemomonyoka mita 3. Wanafunzi 64 hawawezi kufika shule ila kwa kuzunguka kilomita 9. Jumatano hiyo saa 1 asubuhi mwanafunzi mmoja wa miaka 12 alisombwa alipojaribu kuvuka, akaokolewa na wavuvi. Tunaomba mhandisi aje kukagua kabla ya tarehe 15 Aprili, na atuambie kama daraja la muda laweza kuwekwa mahali pale pale. Kijiji kina magogo 12 tayari na watu 20 wa kazi. Gari laweza kufika upande wa mashariki tu."

Taarifa hiyo ni ndefu kuliko ile ya kwanza, lakini kila sentensi ina mzigo wake. Mhandisi akiisoma ajua achukue kamba ya kupimia ya urefu gani, apite njia gani, atakuta nini, na siku yake ya mwisho ni ipi. Habari ya mtoto imo, kwa sentensi moja kavu, bila kulia. Hiyo ndiyo itakayomfanya aiweke juu ya rundo. Tena ombi limetajwa wazi: si "msaada", bali aje, akague, aseme.

Lakini taarifa hiyo hiyo akisomewa mzazi sokoni haimfai. Mita 11 na nguzo za magharibi ni za nini kwake? Yeye ataka kujua amfanyeje mtoto wake kesho asubuhi. Basi kwake huandikwa hivi: "Daraja limechukuliwa na maji. Mtoto yeyote asivuke mto, hata maji yakionekana yamepungua. Watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu wakae nyumbani mpaka itangazwe. Wakubwa wakutane dukani saa 12 asubuhi, mwalimu atawapitisha njia ya juu. Ijumaa saa 2 asubuhi kila nyumba ilete mtu mmoja na panga." Maneno haya yatasomwa kwa sauti, mahali penye kelele, na aliyesikia atakwenda kumwambia asiyesikia. Kwa hiyo sentensi ni fupi, hesabu ni chache, na jambo la hatari limetangulia. Akiyasahau yote mengine, atalikumbuka lile la kutovuka.

Tena iko taarifa ya tatu ambayo wengi huisahau, nayo ni ile ya kuandikwa katika kitabu cha kijiji au cha shule. Msomaji wake hajafika bado. Labda ni mtendaji mwingine, miaka 10 ijayo, atakayetaka kujua kwa nini daraja lilijengwa juu zaidi ya mahali pa zamani. Huyo hana haja ya kuombwa kitu, wala hawezi kuuliza swali; waliokuwapo watakuwa wamehama au wamekufa. Basi kwake huandikwa kila kitu: ukingo upi ulianza kukatika, maji yalifika jiwe gani au mti gani, nani aliona, nani aliitwa, alifika siku gani, fedha kiasi gani zilitumika na zilitoka wapi. Jambo moja, taarifa tatu; wala hakuna kati yake iliyo uongo, wala hakuna inayoweza kufanya kazi ya mwenziwe.

Katika taarifa ya mhandisi msomaji ameona tumeandika "usiku wa kuamkia Jumatano", wala hatukuandika "usiku wa Jumatano". Sababu yake ni hii. Kwa watu wa pwani na wengi wenye kufuata hesabu ya zamani, siku huanza jua likichwa, hata usiku wa Jumatano ni ule unaoitangulia Jumatano ya mchana. Kwa watu wa ofisi, ambao siku yao huanza katikati ya usiku, usiku wa Jumatano ni ule unaofuata. Watu wawili waweza kusoma maneno hayo hayo wakatofautiana siku nzima. Na katika habari ya wizi au ya kifo siku moja ni jambo kubwa. Hivyo hivyo na saa. "Saa 2" peke yake haitoshi. Ni asubuhi au usiku? Na taarifa ikienda kwa mtu aliyezoea hesabu ya saa 24, au ikitafsiriwa Kiingereza na karani mwenye haraka, saa 2 asubuhi yaweza kugeuka kuwa saa 8 usiku. Andika "saa 2 asubuhi", na penye shaka weka na 8.00 ya saa za kimataifa.

Vipimo navyo vina hila zake. Gunia la mahindi lililojazwa "lumbesa" si sawa na gunia la kilo 100, na debe la mfanyabiashara mmoja si la mwingine. "Watu wengi" kwa mwandishi aliyezoea kitongoji ni 15, na kwa msomaji aliye mjini ni 1,500. Mahali ambapo hesabu yaweza kupatikana, ihesabiwe. Mahali ambapo haiwezi kupatikana, isemwe kwamba imekadiriwa na ni nani aliyekadiria.

Na hapo ndipo tunapofika penye kiini cha jambo, maana kosa la kuchanganya kilichopimwa na kilichodhaniwa si la vijijini tu. Wakubwa wa dunia wamelifanya, na nchi hii yetu ya Afrika ya Mashariki ililipa. Baada ya vita vya mwaka 1939 hadi 1945 Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Serikali yake ikatuma watu watatu, mkubwa wao akiwa John Wakefield, aliyekuwa Mkurugenzi wa Kilimo katika Tanganyika, waje kuona kama karanga zaweza kulimwa kwa mashine katika mashamba makubwa. Walizunguka kwa wiki tisa hivi, sehemu ya safari wakiwa katika ndege, kisha wakaandika taarifa. Taarifa ile ilikubali, tena kwa hesabu nzuri zilizopangwa: ekari zaidi ya 3,000,000, nyingi katika Tanganyika na nyingine katika Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Kazi ikaanza mwaka 1947 huko Kongwa, katika nchi ya Wagogo.

Mwaka wa kwanza ilikusudiwa ekari 150,000. Zikapatikana kama 7,500. Mibuyu na vichaka vikashinda mashine. Udongo wa Kongwa, ambao mvua ikinyesha hulainika, jua likiupiga ukakauka kama matofali, ukavunja majembe na kuzifunga karanga ndani. Na mvua yenyewe haikuja kwa kadiri iliyotazamiwa. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na hasara iliyofutwa katika vitabu vya Uingereza ilikuwa pauni milioni 36 hivi. Ugogo ni nchi ijulikanayo kwa ukame tangu mababu. Njaa kuu waliyoiita Mtunya, ya miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya Kwanza na baada yake kidogo, ilikuwa bado ikisimuliwa na watu wazima waliokuwa hai wakati ule taarifa inaandikwa.

Hatusemi kwamba walioandika walikuwa wajinga. Wakefield alikuwa mtaalamu wa kilimo wa miaka mingi. Twasema kwamba katika taarifa iliyokwenda kwa watu wa London, makisio ya ekari na gharama na mavuno yalisimama katika safu moja na mambo yaliyopimwa, kwa wino mmoja, na msomaji aliye mbali hakuwa na namna ya kuona lipi ni jiwe na lipi ni povu. Tena msomaji yule alikuwa na njaa ya mafuta, alitaka kuambiwa ndiyo. Taarifa ya hatari kuliko zote ni ile inayomwambia mkubwa kitu anachotamani kukisikia, kwa hesabu ambazo hawezi kuzikagua.

Kwa hiyo twawashauri wasomaji wetu watumie maneno matatu ya kale yasiyochosha: tumeona, tumeambiwa, twadhani. "Tumeona ng'ombe 14 wamekufa katika boma tatu. Tumeambiwa na wenyeji kwamba wengine 30 hivi wamekufa ng'ambo ya korongo, hatujafika huko. Twadhani ni ugonjwa wa miguu na midomo, lakini mganga wa mifugo hajapima." Bwana Mifugo akiyasoma hayo ajua mara moja aanzie wapi, na ikija kuonekana kwamba ugonjwa ni mwingine, mwandishi hakumdanganya mtu. Kumbe angaliandika "Ng'ombe 44 wamekufa kwa ugonjwa wa miguu na midomo", angalikuwa amesema mambo matatu kana kwamba yote ni moja, na dawa isiyofaa ingaliweza kuletwa na gari zima.

Baada ya yaliyoandikwa huja njia yake ya kufika. Taarifa njema isiyofika ni kama haikuandikwa. Watu wote wamesikia habari ya meli ya Titanic iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912, watu zaidi ya 1,500 wakafa. Ni wachache wanaojua kwamba usiku ule ule, saa mbili hivi kabla ya kugonga, meli nyingine iitwayo Mesaba iliipelekea Titanic simu ya upepo, ikitaja kwa vipimo vya ramani mahali penye milima ya barafu. Habari ilikuwa kamili na ya kweli. Lakini haikutanguliwa na alama ile ambayo kwa desturi ya siku zile iliwalazimu mafundi wa simu kuipeleka mkononi mwa nahodha na kurudisha jibu lake. Fundi wa Titanic alikuwa na kazi nyingi za kupeleka salamu za abiria. Karatasi ikabaki mezani pake, wala haikufika kwa nahodha.

Basi, bwana chifu, au wewe mwalimu, unapopeleka habari ya hatari, usiitie katikati ya taarifa ya mwezi, kifungu cha saba, baada ya idadi ya madawati. Iandike peke yake, katika karatasi yake, na juu yake useme ni ya haraka na ni ya nani. Katika barua zetu mstari ule wa "Yah:" ndio alama yenyewe. Wengi huandika "Yah: Taarifa", na hilo si neno, maana hata bahasha yajua kwamba ni taarifa. Andika "Yah: Daraja la shule limechukuliwa na maji, wanafunzi 64 wamekwama", na hata asiyefungua ukurasa wa pili amekwisha kujua. Na ikiwa sheria ya ofisi yataka barua ipite kwa mkubwa wako kwanza, ipitishe. Lakini siku ile ile mpigie simu anayehusika, na katika barua uandike kwamba umempigia, saa ngapi, na amejibu nini. Habari za kundi la simu ni nzuri kwa haraka yake, bali kesho zimezikwa chini ya salamu na picha za harusi. Haziwezi kushika mahali pa karatasi.

Juu ya urefu tutasema machache. Tarehe 9 Agosti 1940, Uingereza ikiwa katika vita vikali, Waziri Mkuu Winston Churchill aliwaandikia watu wa serikali yake ukurasa mmoja tu, akiwataka wafupishe taarifa zao: mambo makuu yawe katika vifungu vifupi, na hesabu ndefu ziwekwe nyuma kama nyongeza. Mtu aliyekuwa na nchi ya kuokoa aliona inafaa kutumia dakika zake kwa jambo hilo. Nasi twaona ukurasa mmoja watosha kwa taarifa nyingi za kijiji. Lakini ufupi usiwe ukata. Taarifa ya uchunguzi wa fedha zilizopotea haiwezi kuwa ya nusu ukurasa, na anayeifupisha kupita kiasi huenda anamficha mtu.

Penye hesabu nyingi, picha husaidia. Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza aliyefika hospitali ya askari ya Scutari katika Uturuki mwezi Novemba 1854, aliporudi kwao aliandika kitabu kikubwa cha kurasa zaidi ya 800 juu ya afya ya askari. Alijua wakubwa hawatakisoma chote. Akachora duara zilizokatwa vipande, kila kipande mwezi mmoja, na rangi tatu: samawati kwa waliokufa kwa maradhi yaliyoweza kuzuilika, nyekundu kwa waliokufa kwa majeraha, nyeusi kwa sababu nyingine. Asiyejua hesabu aliona mara moja kwamba samawati imeimeza nyekundu. Yaani uchafu wa hospitali uliua askari wengi kuliko risasi za adui. Mwalimu aweza kufanya vivyo kwa mahudhurio ya shule yake, kwa chaki na ubao, siku ya mkutano wa wazazi: safu moja kwa kila mwezi, na wazazi watauona wenyewe mwezi wa kupalilia.

Katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa desturi huwa kila miezi 3, taarifa ya mapato na matumizi husomwa mara nyingi kama mtu anayekimbizwa na nyuki, hesabu juu ya hesabu, na wazee wanaitikia bila kujua walichokiitikia. Yafaa isomwe polepole, kwa mistari minne: tulikuwa na kiasi gani, kikaingia kiasi gani na kutoka wapi, kikatoka kiasi gani na kwa kazi gani, kimebaki kiasi gani na kiko wapi. Iliyotoka ifanywe kuwa kitu kinachoonekana: si "ukarabati, shilingi kadha", bali "bati 40 zilizo juu ya darasa lile". Mtu ageuke, atazame paa, ahesabu mwenyewe. Karatasi yenye risiti zote ibandikwe ubaoni kwa anayetaka kuisoma kwa utulivu.

Tukija kwenye taarifa zinazohusu watu, hapo mkono hauna budi kuwa mwepesi na jicho kuwa kali. Kuandika "Mlinzi ni mvivu na mlevi" ni kutoa hukumu. Atakayeisoma hana la kufanya ila kukuamini au kutokuamini. Kuandika "Tarehe 3, 7 na 8 Mei nilifika lango la stoo saa 8 usiku, mlinzi hakuwapo; tarehe 8 nilimngoja mpaka saa 10 alfajiri" ni kumpa mkubwa kitu cha kuuliza, na kumpa mlinzi naye kitu cha kujibu. Huenda alikuwa na mgonjwa. Tena Kiswahili chetu kina mlango mmoja wa kujificha, nao ni kutendwa na kutendeka kwa vitenzi: "imeamuliwa", "ilionekana", "fedha zilitumika". Nani aliamua? Nani aliona? Kama ni kamati, iandikwe kamati; kama ni mwandishi, aandike "nimeamua". Anayeandika sana kwa namna hiyo ya kujificha hutufanya tuanze kumtafuta.

Na walimu watusamehe tukigusa taarifa za watoto. "Bidii zaidi inahitajika." "Anaweza kufanya vizuri zaidi." Maneno hayo yametembea nyumba kwa nyumba miaka mingi bila kumfaa mzazi hata mmoja, maana nani katika dunia asiyeweza kufanya vizuri zaidi? Mzazi akiandikiwa "Anasoma vizuri lakini hajui kugawanya, amekosa shule siku 11 muhula huu, nyingi ni Jumatatu", huyo atajua la kumwuliza mtoto, na atakumbuka ni nani anayemtuma gulioni kila Jumatatu.

Mwisho wa kazi ni nakala. Kila taarifa iandikwe mara mbili, au ipigwe picha, na moja ibaki. Juu ya iliyobaki andika ilitoka siku gani, kwa mkono wa nani, na aliyeipokea atie sahihi. Kama uliomba jibu kabla ya tarehe 15, basi tarehe 16 asubuhi, jibu lisipofika, andika nyingine ya mistari mitatu: "Rejea taarifa yangu ya tarehe 10 Aprili juu ya daraja la shule, iliyopokewa ofisini kwako tarehe 11. Hatujapata jibu. Maji bado ni ya kifuani, na wanafunzi 64 wako nyumbani siku ya sita." Usimtukane, wala usimbembeleze. Nakala ya hiyo nayo itiwe katika jalada, nyuma ya ile ya kwanza.